Cheche Mpya Ndani ya Datsun 240Z: Wee, Usiambiwe!

Jamani, jamani, jamani! Vidole bado vinanuka petroli na sina haraka ya kuviosha. Nimeshuka sasa hivi kutoka kwenye Datsun 240Z, lile lile la boneti ndefuuu, taa zilizozama ndani na mgongo ulioteremka kwa madaha. Limeng'olewa pointi, likawekewa ignisheni ya kielektroniki, na tangu nilishike siwezi kutulia! Kama una gari la spoti la zamani limelala gereji, acha hilo unalolifanya unisikilize.

Kwanza stata. Baridi ya Limuru alfajiri unaijua wewe, ile inayopenya hadi kwenye mifupa. Gari la pointi saa hizo lazima ulibembeleze: unavuta choki, unapiga stata, linakohoa, linazima, unapiga tena, betri inaanza kulegea, jirani anachungulia dirishani. Sasa hili! Nimezungusha ufunguo, sijamaliza hata kuvuta pumzi, vruuum! Silinda zote sita kwa mpigo mmoja, sauti nzito, laini, tamu, kifua chote kinatetemeka. Nikazima makusudi. Nikawasha. Likawaka papo hapo! Nikazima tena, nikawasha tena, mwenye gari anacheka tu, ananiambia endelea, hata yeye alifanya hivyo hivyo siku ya kwanza. Na bado!

Njoo tufungue kofia ya distribyuta uone. Pointi, kama uliwahi kuzishika, ni vile vyuma viwili vidogo vinavyogusana na kuachana. Vikiachana tu, koili inarusha cheche. Ni utaratibu wa Charles Kettering, Mmarekani aliyeutengeneza kwa ajili ya Cadillac zaidi ya miaka 100 iliyopita, na kwa kweli ulitutumikia. Lakini hebu fikiria kazi yenyewe: injini ya silinda sita ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, vile vyuma vinafunguka na kufunga mara 9,000 katika dakika hiyo hiyo! Vinaungua, vinachimbika, na kile kipande kinachosuguana na shafti ya distribyuta kinalika kidogo kidogo. Cheche inaanza kuchelewa, gari linaanza kumisi, fundi anakuja na msasa na bisibisi, mnasugua, mnapima, mnakaza. Baada ya muda mko pale pale.

Sasa vyote vimeondoka. Pointi nje, kondensa nje! Mahali pake pamewekwa kidude cheusi kidogo, kinatosha kiganjani na nafasi inabaki, na pete yenye sumaku imevalishwa kwenye shafti hiyo, chini ya rota. Sumaku ikipita, kidude kinahisi, koili inarusha cheche. Hakuna kugusana! Hakuna kusuguana! Nyaya mbili tu zinatoka, nyekundu na nyeusi. Ukirudisha kofia yake ya zamani, ukafunga klipu, huoni kitu. Kabureta zake mbili ziko pale pale, nyaya za plagi pale pale, kila unachokiona ni cha enzi zake. Nilikodoa macho nikitafuta alama ya usasa, wapi!

Wapo watakaosema tumeharibu gari la kale. Siafiki hata chembe! Datsun wenyewe walifuata njia hiyo: 260Z ya soko la Marekani ya 1974 ilitoka kiwandani bila pointi, na hadi leo wenye 240Z wengi huko huchukua distribyuta ya 280ZX wakaipachika kwenye magari yao. Isitoshe, hapa hakuna kilichokatwa wala kutobolewa. Pointi za zamani zimefungwa kwenye kitambaa, ziko kwenye buti, na siku yoyote zinarudi mahali pake.

Haya, barabarani sasa! Tumeteremka ile barabara ya zamani ya Mai Mahiu, Bonde la Ufa lote limetandazwa mbele yetu, tumelipita lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano, tumegeuza, tukaanza kupanda. Hapo ndipo nilipopiga kelele! Gia ya tatu, mwendo mdogo, lori mbele yangu linajikokota, na mimi najiandaa kwa ule mkwamo ninaoujua, ule mshtuko wa kumisi. Haukuja! Nimekanyaga mafuta taratibu, gari likapanda kama jahazi lililopata kusi, moja kwa moja, bila kikohozi, bila kusita. Nikakanyaga zaidi, injini ikaimba juu, juu zaidi, pale ambapo pointi huanza kurukaruka na nguvu ikafa, hii ikazidi kuvuta tu, safi, kali, nyororo, na... aaah, maneno yananiishia! Hata ile harufu nzito ya petroli mbichi nyuma ya gari imepungua mno. Na bado! Tukasimama kwenye foleni ya malori, injini imeshika moto, na mngurumo wake umetulia tuli, sindano ya mita ya mizunguko haichezi.

Na ni aina hii ya gari iliyoshinda Safari Rally ya 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller ndani, kisha Shekhar Mehta na Lofty Drews mwaka 1973. Kulisikia likinguruma hivi kwenye mlima wa kwetu, nywele zilinisimama!

Mambo machache ya kumnong'oneza fundi wako sikioni. Waya mwekundu upate umeme kamili wa betri, kwa hiyo auunge kabla ya ile rezista inayopunguza umeme wa koili. Asichanganye nyekundu na nyeusi, maana kidude kitaungua mara moja. Usiache ufunguo umewashwa injini ikiwa imezimwa. Na 240Z za mwanzo zina mita ya mizunguko inayopitisha umeme wa koili ndani yake. Sindano ikianza kucheza ngoma, tatizo liko kwenye njia ya nyaya, injini haina kosa. Lako ni la Kiingereza, MG au Jaguar la zamani? Tazama betri kwanza, mengi ya hayo yameunganishwa chanya kwenye bodi, na yana kidude chake maalumu.

Lakini fanya, rafiki yangu, tafadhali fanya! Ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi anayeijua distribyuta. Mpigie leo hii, na likishawaka, niite nije nizungushe ufunguo.