Wasifu wa Siti Binti Saad na Mpenzi wa Jazi

Katika Afrika Mashariki, jazi ni jina lililobebwa na bendi nyingi za magitaa, kama Morogoro Jazz. Mpenzi wa muziki huo huko Kalamba, aliyelelewa na nyimbo za Kilimambogo Brothers, huenda akadhani kuwa Wasifu wa Siti Binti Saad (1958) haumhusu, kwa kuwa taarabu ni ya pwani. Dhana hiyo haina mashiko. Shaaban Robert anaeleza jambo linalomgusa kila mwanamuziki: jinsi fukara anavyojipatia hadhi kwa sauti yake.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, akauza vyungu kabla ya kuhamia mjini. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri za Kiswahili. Wapinzani walipomkejeli kwa asili na sura yake, aliwajibu kwa wimbo.

Kifani, lugha ya kitabu ni sanifu na yenye taadhima. Kasoro yake ni kuwa adili limetangulizwa mbele ya muziki: msomaji humjua Siti mwadilifu kabla ya kumsikia Siti mwimbaji. Hivyo hana budi kuzitafuta na santuri zenyewe.

Hata hivyo, wasifu huu wafaa kuwa kielelezo. Shaaban Robert alizungumza na Siti kabla ya mauti kumfika mwaka 1950. Kakai Kilonzo wa Kilimambogo Brothers alifariki mwaka 1987, na walioshuhudia ujana wake wanazeeka. Atakayeandika maisha ya wanamuziki wa Ukambani asikawie.