Kishikwambi cha mwalimu wa Msimbati

Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vya makarani vilihamia mikononi mwa walimu. Kimoja kilinifikia Mtwara mjini kutoka Msimbati. Mwenyewe alikuwa akipata tangazo la kusasisha mfumo endeshi kila kukicha, na kila kukicha analifuta. Ndani mna maazimio ya kazi na alama za wanafunzi wake. Aliogopa kuamka havipo.

Hofu hiyo ina mizizi. Zamani kifaa kilijizima, kikaandika mfumo mpya juu ya ule wa zamani palepale. Chaji ikiisha katikati, huenda kisiwake tena. Tangu Android 7, mwaka 2016, kuna njia nyingine: mfumo unapewa vyumba viwili. Ukiwa unatumia cha kwanza, toleo jipya linaandikwa kimyakimya kwenye cha pili. Linakaguliwa saini ya mtengenezaji, na faili lililoharibika linakataliwa. Ukizima na kuwasha, kifaa kinaamkia chumba kipya. Kikigoma kuwaka, kinarudi kule kilikotoka. Alama za wanafunzi hazimo katika chumba chochote kati ya hivyo, zina sehemu yake ya pembeni. Inanikera kwamba tangazo lenyewe halimwambii mtu neno hilo moja.

Hata hivyo nilinakili mafaili yote kwenye kadi ya kumbukumbu kwanza, kisha nikafuta video zilizojaza hifadhi, nikachomeka chaja. Upakuaji ulipoisha na kuandika kukaanza, nilifungua faili la alama makusudi. Likafunguka, huku mstari wa usakinishaji ukiendelea kusogea. Hapo nikajua ni kifaa cha vyumba viwili, maana cha aina ya zamani kingekuwa kimejifunga na kuonyesha kioo cheusi wakati wa kuandika.

Mtandao ulinichukua muda zaidi. Mjini hauna shida, lakini sasisho lijalo litamkuta kwake, karibu na mdomo wa Mto Ruvuma, mpakani na Msumbiji. Kifaa kikidaka mnara wa Msumbiji, saa inarudi nyuma kwa saa nzima, maana wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba bando la huku si lazima lifanye kazi kule, na faili la zaidi ya GB moja linaweza kumaliza salio kabla hajanywa chai. Kwa hiyo nilizima data ya nje ya nchi, nikachagua mtandao wa nyumbani kwa mkono badala ya kuuacha ujichagulie, na nikaweka upakuaji uwe wa Wi-Fi tu.

Tulipowasha upya, mwalimu hakuuliza toleo jipya lina nini. Alikwenda moja kwa moja kwenye alama za darasa lake, akazipitia jina kwa jina kwa kidole. Alipofika mwisho ndipo nikamwonyesha pa kusoma tarehe ya kiraka cha usalama, kwenye Mipangilio. Siku mtengenezaji atakapoacha kutoa viraka, tarehe hiyo itaganda, na hakuna tangazo litakaloletwa kumwambia.