Kamera Ni Robo Tu ya Mzigo

Ukuta wa Barranco, upande wa kusini wa Kibo katika Mlima Kilimanjaro, una mahali ambapo mpandaji hana budi kuukumbatia mwamba. Njia imebana, kifua kinagusa jiwe, mguu mmoja unatangulia kutafuta pa kukanyaga na wa pili unafuata. Wapandaji husema hapo ndipo unapolibusu jiwe. Nilipofika pale mara ya kwanza, begi langu ndilo lililokuwa likinivuta nyuma, kuelekea bondeni. Lilikuwa begi la kamera la kununuliwa dukani, lenye vyumba vingi vya sponji, nene kama mto wa sofa, na tripodi nimeifunga mgongoni pake katikati. Kiongozi wetu aliweka kiganja juu ya begi, akalisukuma kuelekea mwambani, akalishikilia hivyo mpaka nikavuka. Kisha akaniambia nimpe tripodi, akaibeba yeye hadi kambi ya Karanga.

Tangu siku hiyo nimeacha kuyapima mabegi ya kamera kwa swali la dukani, kwamba linaingiza lenzi ngapi. Ninauliza kwanza uzito utakaa wapi mwilini. Hapa nataka kulichambua begi lililochukua nafasi ya lile la kwanza: nililichaguaje, nililipangaje, na kwa nini sehemu yake kubwa si begi la kamera hata kidogo.

Tuanze na mizani. Kabla ya safari ya pili niliweka kila kitu kwenye mizani ya jikoni. Canon EOS R6 Mark II, pamoja na betri na kadi, ni gramu 670. Lenzi ya RF 24-105 f/4 ni gramu 700, ya 70-200 f/4 ni gramu 695, na ile ndogo ya milimita 16 ni gramu 165. Ukiongeza betri tatu za akiba na vitambaa vya kufutia, unapata kama kilo 2.5. Tripodi ilikuwa kilo 1.5. Sasa njoo kwa mengine: maji lita tatu, yaani kilo tatu kamili, koti na suruali ya mvua, jaketi zito, glavu na chakula cha mchana, kilo 2.5, na begi lenyewe likiwa tupu, kilo 2. Jumla kilo 11.5. Kamera na lenzi zake zote hazikufika robo ya mzigo.

Hesabu hiyo ndiyo iliyonibadilisha. Begi la kamera la kawaida limebuniwa kuhudumia ile robo. Robo tatu zilizobaki, tripodi, maji, nguo, chakula na uzito wa begi lenyewe, huachiwa mfuko mdogo wa juu na kamba za pembeni. Mjini hilo halina madhara makubwa, kwa sababu koti la mvua hulihitaji na maji unanunua njiani. Mlimani au msituni, anayebeba begi la namna hiyo huishia kuning'iniza vitu nje, na kila kinachoning'inia hucheza, hulowa au hunasa kwenye matawi. Mizigo mikubwa, kama mahema na mifuko ya kulalia, hubebwa na wagumu, yaani wapagazi wa mlimani, ambao mzigo wao haupaswi kuzidi kilo 20. Begi la siku ni lako mwenyewe, kuanzia lango la Machame hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895.

Watazame wagumu hao wanavyobeba. Gunia linakaa kichwani au shingoni, juu kabisa ya mhimili wa mwili, na uti wa mgongo unasimama wima chini yake. Mama anayetoka kisimani na ndoo juu ya kata ya kanga anafanya vilevile. Mzigo ukiwa juu ya mstari wa miguu, mifupa ndiyo inayoubeba. Ukisogea nyuma sentimita chache tu, misuli inaanza kufanya kazi ya kuurudisha, na hiyo ndiyo kazi inayochosha. Begi langu la kwanza lilikuwa na unene wa sentimita 25 na zaidi, na tripodi ikiwa nyuma yake. Uzito ulikuwa mbali na mgongo, nami nililazimika kuinama mbele siku nzima ili nisivutwe. Begi la mlimani huwa jembamba kutoka mgongoni kwenda nje, na refu kutoka chini kwenda juu. Kati ya sifa zote ninazozitafuta, unene mdogo ndio ninaouweka mbele.

Historia yenyewe inaunga mkono mpangilio huu. Mwaka 1967 Mmarekani mmoja mpanda milima na mpiga picha, Greg Lowe, alibuni begi lenye fremu ndani, badala ya zile fremu za bomba zilizokuwa zikifungwa nje. Kampuni ya mabegi ya mlima ya Lowe Alpine ilitokana na kazi hiyo, na jina la Lowepro, ambalo wapiga picha wengi wanalijua, lina asili kwa mtu huyohuyo. Aliwaza kwanza jinsi ya kubeba, kisha akawaza kamera.

Kwa hiyo begi langu la pili si la kamera. Ni begi la mlima la lita 40, la mitumba, nililolipata soko la Memorial pale Moshi, ambako mabegi mazuri ya Ulaya hupatikana kwa bei ambayo mshahara unaweza kuihimili. Nililivaa kabla ya kuuliza bei. Kipimo kinachohitajika hapo ni cha mgongo, wala si cha urefu wa mtu. Inamisha kichwa, upapase shingo kwa nyuma: kuna mfupa mmoja uliojitokeza kuliko mingine. Kisha weka viganja kiunoni, juu ya mifupa ya nyonga, vidole gumba vikielekea nyuma. Umbali kutoka mfupa ule hadi mstari wa vidole gumba ndio urefu wa mgongo wako, na mtu wa pili ndiye anayefaa kuushikia utepe. Watu wawili wenye kimo kimoja wanaweza kutofautiana sentimita kadhaa hapo, ndiyo maana begi linalomkaa rafiki yako vizuri linaweza kukuumiza wewe. Mabegi mengi ya kamera hutengenezwa kwa saizi moja tu, na wanaoumia zaidi ni wenye migongo mifupi, wanawake wakiwa wengi miongoni mwao.

Mkanda wa kiuno unapaswa kukaa juu ya mifupa ya nyonga, usikae tumboni wala usiteremke mapajani. Ukiufunga sawasawa, sehemu kubwa ya uzito huhamia kwenye nyonga na miguu, na mikanda ya mabega inabaki na kazi ya kulizuia begi lisianguke nyuma. Mkanda mwembamba wa utepe mtupu, usio na sponji wala ugumu, hauwezi kazi hiyo hata ukiukaza vipi. Huo ni wa kuzuia begi lisicheze. Juu ya mabega kuna mikanda miwili midogo inayopanda kwenda kwenye kichwa cha begi. Ivute kidogo ukiwa umesimama, na utalihisi begi likisogea mgongoni.

Baada ya begi, kisanduku cha ndani. Vipo vya kununua, vya sponji na kitambaa laini, lakini changu nilishonewa na fundi wa viti. Alitaka kutumia sponji ya godoro, nami nikakataa. Sponji ya godoro hunywa maji na huzama ikikaliwa na uzito muda mrefu. Tulichukua mkeka wa kulalia hemani, unene wa milimita 10, ambao vitundu vyake vimefungika. Majaribio yake ni rahisi: dondoshea tone la maji juu yake, na tone litabaki limesimama kama shanga. Fundi alikata vipande vya sanduku la sentimita 28 kwa 20 kwa 15, akavivika kitambaa cha manyoya mafupi ndani, akatia velkro ili vigawanyo viweze kuhamishwa, na kifuniko cha zipu juu. Kamera inalala na lenzi yake ikiwa imefungwa, tayari kwa kazi, na lenzi mbili zinasimama kando. Begi na kisanduku pamoja ni kilo 1.9. Ukilinganisha na begi la kwanza nimeokoa gramu 100 tu. Tofauti yote iko kwenye mahali pa uzito.

Na mahali penyewe ni hapa: chini kabisa jaketi zito na nguo kavu, juu yake kisanduku, kikiwa kimebana mgongoni usawa wa mabega, kisha juu ya kisanduku koti la mvua na chakula. Mabegi mengi ya kamera huweka vyumba vya lenzi chini na nguo juu, yaani vizito chini na vyepesi juu, na hivyo kuuvuta mwili wa chini nyuma. Chupa za maji hukaa mifuko ya pembeni, moja kila upande. Mfuko wa maji wenye mpira wa kunyonyea siuweki katika chumba kimoja na kamera kwa hali yoyote, kwa sababu mpira ukichomoka, maji yote huishia kwenye kisanduku.

Mpangilio huu una kasoro, nayo ni kubwa: ni wa polepole. Kuitoa kamera unafungua kifuniko, unaondoa koti, unafungua zipu. Ndege aliyetua tawini hatakungoja. Kasoro hiyo niliiondoa kwa kibano cha chuma kinachofungwa kwenye mkanda wa bega na kuishika kamera ikiwa na lenzi moja. Mkono unaifikia bila kulivua begi, na uzito wake, takriban kilo 1.4, unasawazisha kidogo ule wa nyuma. Inaponyesha au tunapopanda kwa mikono, kama pale Barranco, kamera inarudi ndani. Tripodi inakaa ubavuni, miguu chini, imekazwa kwa mikanda miwili.

Mvua ya msitu wa Machame inastahili maneno yake. Kifuniko cha mvua hulinda uso wa nje tu. Mgongo wa begi unabaki wazi, na maji yanayoteremka kutoka shingoni huingia kwa huko, kisha hukusanyika chini ya kifuniko kama kwenye bakuli. Zipu na mishono ndiyo milango ya maji hata kama kitambaa chenyewe hakipitishi. Kinga ninayoiamini ni mfuko mkavu wa kukunja mdomo mara tatu, ambamo kisanduku chote huzamishwa. Wageni wengine huja wakitegemea mifuko ya plastiki ya dukani. Tanzania ilipiga marufuku mifuko hiyo kuanzia 1 Juni 2019. Mfuko mkavu hunisaidia pia usiku wa baridi. Nikiingia hemani au kibandani nikitokea nje, ninaufunga ukiwa bado nje na kuuacha hivyo mpaka kamera ipate joto, ili unyevu utue kwenye mfuko na si kwenye kioo cha lenzi. Betri hazilali begini. Zinalala nami, mfuko wa shati, kwa kuwa baridi huzinyong'onyeza.

Serengeti ni habari nyingine, wala sipendekezi begi hili huko. Ndani ya gari huhitaji mkanda wa kiuno. Unahitaji begi linalofunguka lote kwa juu juu ya kiti na zipu inayozuia vumbi. Kwenye ndege ndogo za kwenda mbugani mzigo wote kwa kawaida ni kilo 15, tena kwenye mabegi laini, kwa hiyo masanduku magumu yaache nyumbani. Katika ndege kubwa, daraja la kawaida, Emirates na Qatar Airways huruhusu kilo 7 za kuingia nazo ndani, na KLM kilo 12. Begi la kilo 2 linakula sehemu kubwa ya zile 7. Betri za akiba za lithiamu lazima ziwe nawe ndani ya ndege, si kwenye mzigo wa chini.

Ukienda mitumba, pindua begi ndani nje. Utando wa ndani ukibanduka kama maganda meupe au ukinata vidoleni, kinga ya maji imekwisha. Vuta kwa nguvu pale mkanda wa bega unaposhonewa. Bonyeza sponji ya mkanda wa kiuno, isiporudi, imekufa. Fungua na ufunge kila zipu mara tano.

Kisha usilipe kwanza. Nenda na kamera yako na chupa za maji lita tatu, upakie, ufunge mkanda wa kiuno, halafu ulegeze mikanda ya mabega kabisa na upande ngazi ghorofa mbili. Begi likiteremka kutoka nyongani, mrudishie mwenye duka.