Ndoa, Dini na Dola: Uhakiki wa Sheria ya Ndoa kutoka Pwani ya Ruvuma

Tunapozungumza habari za utamaduni wa Taifa, wahakiki wetu wamezoea kutazama ngoma, vinyago, mashairi na hadithi, na sheria wakaziacha mikononi mwa mawakili na mahakimu. Jambo hili lina upungufu. Sheria nayo ni utungo. Ina mtunzi, ambaye ni Bunge. Ina hadhira, ambayo ni wananchi wote. Na ina maneno ambayo hayana budi kupimwa kama yapimwavyo maneno ya shairi, kwa kuwa neno moja la sheria likikosewa, mtu hupoteza nyumba, mtoto au heshima yake. Nakusudia hapa kuuhakiki utungo mmoja wa namna hiyo, yaani Sheria ya Ndoa, Namba 5 ya 1971, nikiusoma kutoka pwani ya Mtwara. Swali ninalouliza ni moja: nani mwenye ndoa, dini au Dola?

Pwani hii ni mahali pafaapo kuulizia swali hilo. Kutoka Mikindani, mji wa kale wenye misikiti na makaburi ya wazee wetu, kupita Msimbati hadi mlango wa mto Ruvuma, ndoa nyingi hufungwa kwa nikahi. Ukipanda bara, Masasi ilipata misheni ya Waanglikana tangu 1876, na Ndanda ina abasia ya Wabenediktini. Huko ndoa hufungwa altareni. Na chini ya yote hayo, pwani na bara, wapo makungwi wa unyago na wazee wa ukoo ambao hawakupata kumwomba shehe wala padri ruhusa ya kumfunza mwari maana ya unyumba. Basi kabla Serikali haijafika na kitabu chake cha usajili, ndoa ilikwisha kuwa na wenyewe watatu.

Lugha yenyewe yatuonya. Kiswahili husema mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Mmoja mtenda, mwingine mtendwa. Lakini miongoni mwa Wamakua na Wayao desturi ya zamani ilikuwa mwanamume kuhamia kwa wakwe zake, akalima shamba lao, na watoto wakahesabiwa ukoo wa mama. Wamakonde nao huhesabu ukoo kwa mama. Mwanamume aliyehamia kwa wakwe, ameoa au ameolewa? Sarufi ina jibu lake, na desturi ina lake. Sheria ya 1971 ilichagua maana ya neno la tatu, nalo ni kuoana: katika kifungu cha 9 ndoa imeelezwa kuwa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke, uliokusudiwa kudumu maisha yao yote. Katika maelezo hayo hakuna aliyemtwaa mwenziwe. Hiari ndiyo iliyotangulizwa, na hiari ni ya wote wawili.

Ili kuuthamini uteuzi huo, yafaa tukumbuke hali iliyokuwapo. Wakoloni walituachia sheria za ndoa kwa mafungu: Wakristo na waliotaka ndoa ya mke mmoja walikuwa na sheria yao, Waasia wasio Wakristo walikuwa na yao, na Waislamu pamoja na wenye kufuata mila waliachwa kwa maliwali na mabaraza ya wenyeji. Haki ya mwananchi katika nyumba yake ilitegemea jina la dini yake na la kabila lake. Mwaka 1963 mahakama ziliunganishwa, na mwaka huo huo likatolewa Tangazo la sheria za mila. Lakini Tangazo hilo liliandikwa kwa ajili ya makabila yanayofuata ukoo wa baba. Sisi wa Kusini tunaofuata ukoo wa mama tulibaki nje ya mlango. Ndipo ulipokuja Waraka wa Serikali Namba 1 wa 1969, ukatolewa ujadiliwe na wananchi, na kutokana nao ikazaliwa Sheria iliyoanza kutumika 1 Mei 1971.

Ubora wa Sheria hii ni kwamba ilitenganisha mikono miwili iliyokuwa imeshikamana: mkono unaobariki na mkono unaosajili. Mtu aweza kufunga ndoa kwa taratibu za Kiislamu, kwa ibada ya kanisa, kwa mila, au mbele ya msajili wa Serikali. Njia ni nne. Lakini apitiapo njia yoyote kati ya hizo, yamngojea mambo mamoja. Hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenziwe. Kifungu cha 66 kimekataza. Mke ana mali yake mwenyewe. Waliokaa pamoja miaka miwili na kujulikana kuwa ni mume na mke hudhaniwa kuwa wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nyumba ikivunjika, mahakama hugawa mali iliyochumwa kwa jasho la pamoja. Na mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali akiandika hukumu, ilikubali kwamba kupika, kufua na kulea ni jasho pia. Haki hizi haziulizi dini ya mtu. Zimetoka kwenye uraia wake.

Ili tuone kwamba njia hii haikuwa ya lazima, na tuvuke mto. Wamakonde wako kingo zote mbili za Ruvuma, na ndugu wa damu moja walitawaliwa na sheria mbalimbali. Kusini mwa mto, Ureno ilifanya mapatano na Vatikano mwaka 1940, na ndoa ya Kikatoliki ikapewa nguvu ya sheria; walioifunga hawakuweza kupewa talaka na mahakama ya Dola. Pale Dola lilikuwa karani wa Kanisa. Msumbiji ilipopata uhuru 25 Juni 1975, gurudumu liligeuka upande wa pili: Dola likajitenga na dini kabisa, na sheria ikatambua ndoa ya mbele ya msajili peke yake. Mwanamke aliyeolewa kwa nikahi au kwa mila akawa, mbele ya sheria, kama asiyeolewa. Ilipasa kungojea Sheria ya Familia Namba 10 ya 2004 ndipo ndoa za dini na za jadi zikatambuliwa tena. Kwa hiyo ng'ambo ya mto tunaona makosa mawili yaliyo mapacha: Dola kumtumikia padri, na Dola kujifanya halimwoni padri. Sheria yetu ilipita katikati miaka 33 kabla, na hilo si jambo dogo.

Lakini kazi ya mhakiki si kusifu tu. Utungo huu una beti ambazo mizani yake haikutimia, na kila upungufu umetokea pale mtunzi alipoogopa, akairudishia dini sehemu ya kalamu aliyokwisha kuitwaa.

Mfano wa kwanza ni talaka. Sheria yataka kila shauri la talaka litangulie Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na mahakama iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Hata hivyo kifungu cha 107 chasema kwamba, kwa waliooana Kiislamu, Baraza likishindwa kuwapatanisha na mmoja wao akafanya tendo ambalo lingeivunja ndoa kwa Sharia, mahakama sharti iione ndoa hiyo kuwa imevunjika. Hapo hakimu hapimi tena, hupokea. Naelewa kwamba kifungu hiki kiliwekwa kwa kuheshimu imani za wengi, lakini kimewafanya wananchi wawili, walio katika dhiki moja, wapimwe kwa mizani mbili.

Mfano wa pili ni mzito zaidi, nao ni umri. Kifungu cha 13 kiliweka miaka 18 kwa mwanamume na 15 kwa mwanamke, na mahakama ikapewa uwezo wa kuruhusu hata miaka 14. Sheria iliyoanza kwa neno hiari ikasahau kuuliza hiari ya mtoto wa miaka 14 ni ipi. Mwaka 2016 Rebeca Gyumi alilipeleka jambo hili Mahakama Kuu, nayo ikasema kwamba vifungu vya 13 na 17 ni kinyume cha Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufani, na miongoni mwa hoja zake ilikuwa kwamba vifungu hivyo ni maafikiano yaliyozingatia mila na dini za wananchi. Mahakama ya Rufani iliikataa rufani hiyo 23 Oktoba 2019. Na bado, miaka kadhaa baada ya hukumu, maoni yalikuwa yakikusanywa, ya viongozi wa dini yakiwamo.

Sisemi viongozi wa dini wasisikilizwe. Wasisikilizwe kwa nini, nao ni wananchi? Nasema kwamba hoja ya shehe au ya askofu iingiapo katika ukumbi wa Bunge, hapana budi ivue joho mlangoni na kusimama kama hoja ya raia mwingine yeyote: itaje madhara, itaje faida, itaje haki ya nani inalindwa na ya nani inavunjwa. Ikisema tu kwamba imeandikwa katika msahafu au katika Biblia, imekwisha kumjibu muumini, lakini haijamjibu raia. Katiba yetu imeifanya dini kuwa jambo la hiari ya mtu, na uendeshaji wa jumuiya za dini ukawekwa nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ukuta huo una pande mbili. Unamzuia waziri asiingie msikitini kuamuru, na unamzuia imamu asiingie wizarani kuamuru.

Mizani hiyo ndiyo itupasayo kuishika hata tunapofikia swali linaloogopwa kuliko yote siku hizi, la ndoa ya watu wa jinsia moja. Sheria yetu hairuhusu. Maneno mwanamume na mwanamke katika kifungu cha 9 yako wazi, na Kanuni ya Adhabu huadhibu tendo lenyewe kwa ukali. Maneno hayo yamewagusa hata watu ambao hawakukusudiwa. Wakurya wa Mara wana desturi iitwayo nyumba ntobhu, ambamo mwanamke, aghalabu mjane au asiye na mtoto wa kiume, humtolea mwanamke mwenziwe mahari ya ng'ombe ili watoto watakaozaliwa wahesabiwe wa nyumba yake. Hiyo ni ndoa ya kuendeleza ukoo, haina habari ya mapenzi baina ya wake hao. Lakini mbele ya kifungu cha 9 si ndoa, na wanawake hao hukosa kinga ambazo Sheria huwapa wengine. Kwa hiyo asemaye kwamba kila ndoa ya Kiafrika daima ilikuwa ya mume na mke, hajafika Tarime.

Nchi nyingine zimelijibu swali hili kila moja kwa njia yake. Afrika ya Kusini, baada ya hukumu ya Mahakama yake ya Katiba ya Desemba 2005, ilitunga sheria mwaka 2006 iliyoruhusu ndoa hizo, na ikaacha kila kiongozi wa dini awe huru kutozifungisha. Kwa muda iliwaruhusu hata wasajili wa Serikali kukataa kwa sababu ya dhamiri. Mwaka 2020 ruhusa hiyo ikafutwa. Msumbiji haikuruhusu ndoa hizo, lakini Kanuni yake mpya ya Adhabu, iliyoanza kutumika 2015, iliondoa adhabu iliyoachwa na Wareno. Basi leo, hapo kwenye mlango wa Ruvuma ambapo mvuvi huvuka kwa ngalawa kabla jua halijapanda, tendo lililo kosa la jinai ukingo mmoja si kosa ukingo wa pili. Mungu wa kingo zote mbili ni yule yule. Kilichobadilika ni hoja ya Dola.

Hukumu yangu ya uhakiki ni hii: kuadhibu ni jambo moja, kutambua ndoa ni jambo jingine, na kubariki ni jambo la tatu. La tatu ni la dini peke yake, na Dola lisiliguse kamwe. Mawili ya kwanza ni ya Dola, na lazima yajibiwe kwa sababu za kiraia zinazoweza kusimama mbele ya mahakama kama zilivyotakiwa zisimame sababu za kifungu cha 13. Hatuwezi kuikataa hoja ya dini inapomwozesha binti wa miaka 15, kisha tukaikumbatia bila kuipima pale inapomhukumu mtu tusiyempenda. Mizani ikibadilishwa kwa kila mteja, hiyo si mizani tena.

Watakuwapo watakaosema kwamba dini ni roho ya utamaduni, na kwamba Dola likijitenga nayo, utamaduni utakufa. Historia ya hapa Kusini yawajibu. Kule Masasi, Vincent Lucas, ambaye baadaye alikuwa askofu, aliutia jando katika taratibu za Kanisa tangu miaka ya 1910. Mila na imani zikapatana bila amri ya Serikali. Kadhalika Uislamu wa pwani umeishi na unyago vizazi kwa vizazi. Dini zetu zina nguvu ya kutosha kuishi bila kuegemea kalamu ya msajili. Inayodhoofika kwa kuegemewa ni Serikali.

Nami ni mshairi, na ni mtumishi wa umma. Mshairi aweza kuandika apendavyo juu ya mapenzi na unyumba. Mtumishi, akaapo mezani pake na kitabu cha usajili, mkono wake si wake. Ni wa wote waliosimama kwenye foleni, wa msikiti, wa kanisa, wa mila na wasiokuwa na lolote kati ya hayo. Sheria ya 1971 iliuanza utungo huu vizuri, ikaacha beti mbili tatu zikichechemea. Sasa kwa kuwa tangu 2021 Kiswahili kimefanywa lugha ya sheria na ya mahakama, wajibu wa kuzinyoosha beti hizo si wa mawakili peke yao. Ni wa kila ajuaye uzito wa neno.