Majengo ya Sinclair: Anza na Ukuta

Wengi wakifika Mji Mkongwe wa Zanzibar huinua macho moja kwa moja kwenye kuba. Nakushauri uanze chini, mita ya kwanza ya ukuta kutoka ardhini.

John Sinclair, Mwingereza aliyesomea usanifu majengo kabla ya kupanda hadi kuwa Balozi Mkazi, ndiye aliyechora makazi ya mwakilishi wa Uingereza yaliyojengwa mwaka 1903, ambayo leo ni Ikulu. Kisha Mahakama Kuu ya mwaka 1908, na Beit el Amani iliyofunguliwa mwaka 1925. Alikusanya matao, kuba na nakshi za nchi za Kiislamu, akayavika majengo ya utawala. Wapo wanaoamini huo ndio ujenzi wa asili wa Unguja. Sivyo. Nyumba kongwe za Waomani zilikuwa na kuta tupu kwa nje, pambo likawekwa mlangoni. Kwa hiyo usipoteze muda kuuliza kama pambo la Sinclair ni la asili. Uliza kama limejengwa vizuri, na kama limetunzwa.

Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji ya ardhini, kisha huyatoa taratibu kupitia lipu. Fundi akija na saruji, maji hukosa njia, chumvi hujikusanya nyuma yake, na lipu huvimba hadi kuanguka vipande vipande. Gonga kwa kifundo cha kidole: lipu iliyoshika hutoa mlio mfupi, mzito, iliyoachia hulia kama kifuu. Halafu pitisha kiganja. Chokaa huacha vumbi jeupe mkononi, rangi ya plastiki haiachi kitu. Ukikuta malengelenge juu ya rangi mpya, huo ukarabati ni wa kuficha, hata kama umegharimu fedha nyingi.

Ndipo upande kwenye tao. Tazama unene wake kwa ndani: tao la mawe lina kina, na jua la alasiri hutupa kivuli kipana ndani yake. Tao la kubandika ni jembamba, kivuli chake hafifu. Kwenye matao yenye mawimbi, ncha kati ya wimbi na wimbi ziwe kali na zilingane kulia na kushoto. Zikipakwa rangi miaka nenda miaka rudi bila kukwanguliwa, huvimba na kupotea.

Kuba nayo itazame mwisho, baada ya mvua za masika, ukitafuta madoa ya kijani pale inapokutana na paa.