MIZANI NA KIDOLE



Kuna neno moja linalotembea sana siku hizi, katika redio, katika simu, na katika mazungumzo ya baada ya Misa: «Wenye elimu wamesema hivi.» Watu wengine wakilisikia hufunga mdomo mara moja, lililosemwa na wenye elimu wanalipokea lote. Wengine, kwa kuwa walidanganywa zamani, wanalikataa lote, liwe la dawa, liwe la nyota. Wa kwanza wanameza bila kutafuna. Wa pili wanatema bila kuonja. Sisi tunadhani wote wawili wamekosea, na leo tunataka kueleza sababu.

Tuanze sokoni. Mwuza nyama anaweka nyama juu ya mizani, na mama mnunuzi anatazama. Mizani ni nzima. Lakini kidole cha mwuzaji kimelala pembeni ya sahani, kinakandamiza polepole. Mnunuzi mjinga analipa. Mnunuzi mwenye hasira anataka kuvunja mizani. Mnunuzi mwenye akili anasema neno moja tu: «Baba, ondoa kidole.»

Elimu ni mizani. Basi hatutauliza hapa kama elimu ni njema au mbaya, tutatafuta kidole. Tumechagua maandiko mawili mafupi ya Marekani, moja juu ya roketi, moja juu ya bunduki. Nchi ile ina wataalamu wengi na vyombo vikubwa, na magomvi yake yameandikwa wazi, kila mtu aweza kuyasoma. Ikiwa kidole kimeweza kuingia kule, kitashindwa kuingia wapi? Kisha tutarudi kwetu.

I. Roketi

Tarehe 28 Januari 1986, chombo kiitwacho Challenger kilipaa kutoka Florida kwenda angani. Ndani yake walikuwamo watu 7. Mmoja wao alikuwa mwalimu wa shule, Christa McAuliffe, na kwa ajili yake watoto wa shule nyingi walikuwa wanatazama televisio. Baada ya sekunde 73 chombo kilivunjika hewani. Wote 7 walikufa.

Sababu yake ilikuwa kitu kidogo. Roketi kubwa za pembeni ziliundwa kwa vipande vilivyounganishwa, na katika kila kiungo palikuwa na pete za mpira za kuzuia moto usipenye. Mpira ukipatwa na baridi huwa mgumu kama ugali uliolala. Hauwahi kuziba nafasi. Jioni ya tarehe 27, mainjinia wa kampuni iliyotengeneza roketi hizo walishauri hivi: pete zikiwa na baridi chini ya digrii 12, chombo kisirushwe. Asubuhi ile hewa ilikuwa karibu digrii 2. Wakubwa wa NASA, shirika la serikali la safari za anga, hawakupendezwa na shauri hilo. Wakubwa wa kampuni wakaenda kando kuzungumza wao kwa wao, na mkuu wa mainjinia akaambiwa na mkubwa wake avue kofia ya uinjinia, avae kofia ya uongozi. Akaivaa. Kampuni ikatia sahihi.

Baada ya msiba Rais wa Marekani aliunda komisio. Mmoja wa wajumbe wake alikuwa Richard Feynman, mtaalamu wa fizikia aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1965. Mbele ya televisio alikibana kipande cha mpira ule, akakitia katika maji ya barafu, kisha akakifungua. Watu wote wakaona kwamba hakirudi upesi katika umbo lake. Ripoti ya komisio ikatoka mwezi wa Juni. Feynman alitaka maoni yake yaingie bila kulainishwa, akasema yasipoingia hatatia jina lake. Yakaingia, lakini mwishoni, chini ya jina la Nyongeza F.

Andiko hilo ni fupi, na lugha yake ni nyepesi kwa kitabu cha serikali. Kiini chake ni nambari mbili. Feynman aliwauliza watu wa kazi hiyo: katika safari ngapi tutapoteza chombo kimoja? Mainjinia walijibu, kama moja katika 100. Wakubwa walijibu, moja katika 100,000. Tufanye hesabu wenyewe. Moja katika 100,000 maana yake waweza kurusha chombo kila siku, bila kupumzika hata Jumapili, karibu miaka 300, upoteze kimoja tu. Nambari hiyo ilitoka wapi? Kabla ya siku ile walikuwa wamerusha vyombo hivyo mara 24. Mtu aliyevuka mto mara 24 atajuaje kwamba mtumbwi wake utazama mara moja tu katika safari 100,000? Tena mtumbwi ulikuwa umekwisha kuvuja! Pete zilirudi zimeungua katika safari za mbele. Lakini kwa kuwa watu walifika salama, kuungua kule kulihesabiwa kuwa dalili ya usalama.

Hapo tunakiona kidole. Wakubwa walikuwa wameahidi safari nyingi kwa Bunge, na Bunge ndilo linalotoa feza. Nambari kubwa ilizaliwa na ahadi, kisha ikavikwa nguo za elimu.

Ubora wa Nyongeza F ni kwamba yapimika. Historia imeipima. Vyombo vile viliruka kuanzia 1981 mpaka 2011, safari 135 kwa jumla. Viwili vilipotea: Challenger, na Columbia iliyovunjika tarehe 1 Februari 2003 na watu 7 tena. Ni kama kimoja katika 67. Mainjinia walikuwa karibu na ukweli. Wakubwa walikuwa mbali nao mara elfu na zaidi. Lakini andiko lile lina upungufu pia, na ni upungufu wa mahali lilipowekwa: mwishoni mwa kitabu, ambapo wasomaji wengi hawafiki. Miaka 17 baadaye, kipande cha sponji kiligonga bawa la Columbia wakati wa kupaa. Mainjinia waliomba picha za kutazama jeraha, wakubwa hawakuzitafuta. Somo lilikuwa limechapishwa, halikuwa limeshikwa.

Mtu asiseme hayo ni ya Wamarekani tu. Wazee wa Katanga wanakumbuka kampuni ya OTRAG ya Ujerumani ya Magharibi, iliyopewa kwa mkataba nchi kubwa upande wa mto Luvua, kilometa mraba karibu 100,000, kupita Ubelgiji mara tatu, ili ijaribu roketi zake. Tarehe 5 Juni 1978 Rais Mobutu mwenyewe alikuja kutazama. Roketi ilipaa kidogo, ikaenda kombo, ikaanguka. Roketi haijui cheo cha anayeitazama.

II. Bunduki

Andiko la pili ni fupi kupita la kwanza. Ni sentensi moja katika sheria ya matumizi ya feza ya serikali, iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1996. Inaitwa kwa jina la depite Jay Dickey wa Arkansas.

Marekani raia wengi wana bunduki nyumbani, na sheria ya msingi inataja haki hiyo. Wengine wanataka serikali iziwekee mipaka zaidi. Wengine wanaona mpaka wowote ni kunyang'anywa. Mwaka 1993 daktari Arthur Kellermann na wenzake walichapisha uchunguzi uliolipiwa na CDC, idara ya serikali ya kuzuia magonjwa. Waliona kwamba nyumba yenye bunduki ilikuwa na hatari ya mtu kuuawa humo karibu mara 2.7 kupita nyumba isiyo nayo. Wenye kutetea bunduki wakakasirika sana. Ndipo sheria ya 1996 ikaja kusema: feza za CDC za kuzuia majeraha zisitumiwe kutetea wala kuhimiza mipaka ya bunduki.

Soma vizuri, msomaji. Sentensi haikukataza kuchunguza. Ilikataza kufanya siasa. Nani atakataa sheria kama hiyo? Lakini Bunge lilitoa pia katika bajeti ya CDC dola milioni 2.6, kiasi kile kile kilichokuwa kimetumika kuchunguza mambo ya bunduki mwaka uliotangulia, likazipeleka kazi nyingine. Sentensi ilisema jambo moja, feza ikasema jambo lingine, na wafanyakazi wa serikali wanajua kusikia sauti ya feza. Kwa zaidi ya miaka 20 idara ile karibu iliacha kuchunguza vifo vya bunduki. Hii ni namna ya pili ya kudanganya: mwuzaji hakandamizi mizani, anaificha chini ya meza.

Walakini haki yatudai tutazame pande zote mbili. Wapinzani wa bunduki nao walipenda nambari moja, 43. Ilitoka katika uchunguzi wa Seattle na mitaa yake, wa mwaka 1986: kwa kila mtu mmoja aliyeuawa katika kujilinda kwa bunduki ya nyumbani, wengine 43 walikufa kwa bunduki za namna hiyo. Nambari hiyo ilipigiwa kelele kila mahali. Lakini wachache walieleza kwamba karibu 37 kati ya hao 43 walijiua wenyewe, na kwamba mwizi aliyekimbia bila kuuawa hakuhesabiwa. Waandishi wa uchunguzi walikuwa wameyasema hayo. Wapiga kelele waliyaacha.

Watetezi wa bunduki nao walikuwa na nambari yao: Wamarekani milioni 2.5 hujilinda kwa bunduki kila mwaka. Ilitoka katika uchunguzi wa mwaka 1995. Watu kama 5,000 waliulizwa kwa simu. Mia mbili na kitu walisema ndiyo. Kisha jibu likazidishwa kwa nchi nzima. Katika hesabu ya namna hiyo, watu wachache wakikosea au wakijisifu, kosa lao linazaa mamia ya maelfu. Uchunguzi wa serikali kwa watu waliotendewa uovu ulitoa nambari ndogo kabisa mbele ya hiyo.

Waalimu wetu wa falsafa walizoea kutuambia: kabla ya kujibu, tenganisha. Basi tutenganishe. Elimu yaweza kutuambia ni wangapi wanakufa, wapi, kwa bunduki ya nani, na sheria fulani imepunguza vifo au haikupunguza. Haiwezi peke yake kutuambia haki ya raia iishie wapi. Hilo ni la watu wote kushauriana. Anayesema «elimu imekwisha kukata shauri, nyamazeni» anakandamiza mizani. Anayesema «msihesabu maiti, tusije tukapoteza shauri» anaificha mizani.

Dickey mwenyewe alikuja kuliona. Alifanya urafiki na Mark Rosenberg, daktari aliyekuwa mkuu wa kazi ile ya CDC na adui yake wa zamani. Mwaka 2012 waliandika pamoja katika gazeti kwamba uchunguzi ufanywe. Walitoa mfano wa magari: wataalamu walichunguza ajali, barabara na magari vikatengenezwa vizuri zaidi, watu wengi wakaokoka, wala hakuna aliyenyang'anywa gari. Dickey alikufa mwaka 2017. Mwisho wa mwaka 2019 Bunge lilitoa tena dola milioni 25 kwa uchunguzi huo. Tunamheshimu mzee aliyeweza kusema mbele ya watu wote kwamba sheria yake ilizaa matunda asiyoyataka.

III. Kwetu

Sasa turudi nyumbani, maana hapa kidole kiliua. Tangu Agosti 2018 mpaka Juni 2020, Ebola ilikaa Kivu ya Kaskazini na Ituri. Zaidi ya watu 2,200 walikufa. Mizani ilikuwa nzima: chanjo ilikuwapo, na mwaka 2019 majaribio yaliyofanywa hapa Kongo yalionyesha dawa mbili zenye kuokoa wagonjwa wengi. Lakini tarehe 26 Desemba 2018, siku nne kabla ya uchaguzi, watu wa Beni na Butembo walitangaziwa kwamba kwao kura zitapigwa Machi, kwa sababu ya Ebola na ya usalama. Rais mpya alitangazwa Januari, kabla hawajapiga kura. Basi wengi wakasema: ugonjwa huu ni wa siasa. Kesho yake tu watu wenye hasira walishambulia kituo cha Ebola huko Beni.

Watu hao hawakuwa wajinga, walikiona kidole. Kosa lilikuwa kuvunja mizani pamoja na kidole, na waliolipa kosa hilo ni wagonjwa waliojificha nyumbani, na mama zao waliowauguza kwa mikono mitupu.

Tunaacha kwa msomaji maswali manne, ayaulize kila aambiwapo «wenye elimu wamesema». Nani alihesabu? Alihesabu nini, akaacha nini? Nani alimlipa? Na la nne ndilo kubwa: kama angepata jibu jingine, je, angeweza kulisema na kubaki na kazi yake? Jibu la swali la nne likiwa «hapana», usitupe mizani. Tafuta mainjinia wa jioni ile.

Maana watu 7 wa Challenger hawakufa kwa kukosa elimu. Elimu ilikuwapo tangu jana yake, imeandikwa kwenye karatasi. Iliyokosekana ni masikio ya wakubwa.