Undugu wa Njiani: Kusoma Upya Kukutana kwa Watu katika Maisha ya Tippu Tip

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo dogo katika kitabu mashuhuri. Kitabu chenyewe ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Jambo lenyewe ni namna watu wasiojuana wanavyokutana safarini na kupeana jina la ndugu, pengine kwa saa moja tu, pengine kwa umri mzima.

Tumechagua jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, wengi waliokisoma kitabu hiki wamekitafutia habari za pembe, vita, njia za misafara na tarehe. Wameyafanya masimulizi kuwa ghala la ushahidi wa kihistoria, na wamepita haraka penye mazungumzo. Pili, wapo wasomaji ambao kwao habari hizi si za mbali. Mkazi wa Kindu anapokifungua kitabu hukuta majina ya mahali anayoyajua, kama Nyangwe, Kasongo na mto Lomami, ijapokuwa tahajia hutofautiana. Hukuta pia wahenga wake, lakini mara nyingi wametajwa kwa makundi tu: waliouawa, waliotekwa, waliobeba mizigo. Msomaji huyo ana haki ya kuuliza ni wapi katika kitabu hiki wahenga wake wanaonekana wakiwa watu.

Jibu letu ni kwamba wanaonekana katika vipindi vidogo vya kukutana, na zaidi ya yote katika kipindi ambacho msimulizi mwenyewe anakieleza kama ushindi wa werevu wake.

2. Matini na usimulizi wake

Hamed bin Muhammed alizaliwa Unguja katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, akafia huko huko mwaka 1905. Habari za maisha yake aliziandika uzeeni, kwa Kiswahili na kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode alizigeuza kwa herufi za Kirumi na kuzichapisha Berlin mwaka 1902 na 1903 pamoja na tafsiri ya Kijerumani. Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki walikifahamu kitabu kupitia toleo la W. H. Whiteley la 1958-59, lililoweka Kiswahili na Kiingereza pamoja. Tafsiri ya Kifaransa ya François Bontinck ya mwaka 1974 iliwafungulia mlango wasomaji wa Kongo waliosomeshwa kwa lugha hiyo.

Kwa upande wa fani, matini haya yamejengwa juu ya masimulizi ya kinywa. Vitenzi vinafuatana kwa -ka-: tukaenda, tukafika, nikamwambia, akaniambia. Mandhari hayaelezwi sana, na hisia huelezwa kwa nadra zaidi. Kwa kawaida msimulizi hatuambii alihisi nini; anatuambia alisema nini na alijibiwa nini. Kwa hiyo, kukutana kwa watu katika kitabu hiki hutukia ndani ya maneno. Mhakiki anayeyaruka mazungumzo ili aifikie vita ameruka mahali pekee ambapo mtu anamtazama mwenzake.

3. Mzaha wa bunduki na upinde

Tuanze na mfano ulio mwepesi. Mwezi wa Oktoba 1876 H. M. Stanley alifika Maniema, naye Tippu Tip alikutana naye. Stanley alimwonyesha bunduki ambayo, kwa maelezo yake, ilitoa risasi 15 kwa mfululizo. Mwenyeji hakuamini, akauliza kama zote hutoka katika mtutu mmoja, akataka aone. Mgeni alikataa kuzipoteza risasi. Hapo Tippu Tip akamjibu kwa utulivu kwamba huko mto Lomami upo upinde unaochukua mishale 20; ukifyatuliwa, yote huruka pamoja, na kila mshale huua mtu. Stanley akatoka nje akapiga bunduki yake.

Msomaji wa pwani atautambua mchezo huu mara moja. Ni utani wa watu waliozoea njia, ambapo uongo hujibiwa kwa uongo mkubwa zaidi, na mwenye kiburi hulazimika kuthibitisha. Kwa dakika chache hapana mzungu mwenye magazeti ya kumsifu wala tajiri mwenye maelfu ya wafuasi. Wapo wanaume wawili, kila mmoja akimpima mwenziwe, na nadhani kila mmoja amefurahi. Hata hivyo, kipindi hiki hakidumu. Mapatano ya kusindikizana yanafuata, kisha ahadi, kisha lawama. Baadaye Tippu Tip analalamika kwamba badala ya zawadi alizoahidiwa aliletewa picha ya Stanley. Kwa msimulizi, picha hiyo ni dharau: uso wa mtu umefika, wema wake haukufika.

Kutokana na mfano huu tunapata kanuni moja ya kitabu. Kukutana kunaandikwa kwa kuwa kuna hesabu nyuma yake. Msimulizi ni mfanyabiashara, na hata kumbukumbu zake zina upande wa kupokea na upande wa kutoa.

4. Mjukuu wa Utetera

Kanuni hiyo inaonekana kwa uzito wote katika kipindi cha Utetera, nchi iliyokuwa magharibi ya Lualaba, kuelekea Lomami. Mtawala wake alikuwa Kasongo Rushie, mzee asiyekuwa na mrithi wa kumtegemea. Zamani dada zake walikuwa wametekwa na kupelekwa Urua, wasirudi. Tippu Tip aliipata habari hii kabla ya kufika. Alipofika alisimulia kwamba babu yake mzaa mama, Habib bin Bushir, alisafiri Urua akamnunua mwanamke. Mwanamke huyo alikuwa mmoja wa dada waliopotea, na ndiye aliyemzaa mama yake. Kwa hiyo yeye, mgeni mwenye bunduki, ni mjukuu wa nyumba ile. Mzee akampokea, akampa utawala, na pembe zilizokuwa haki ya mtawala zikaanza kuletwa kwake.

Wachambuzi wengi huihesabu hadithi hiyo ya nasaba kuwa ya kubuni, na kwa kawaida huisoma kwa namna moja kati ya mbili. Wapo wanaoisifu kama hila ya hodari, na wapo wanaoilaani kama udanganyifu wa mnyang'anyi. Wote wawili wanamtazama msemaji. Sisi tunapendekeza kumtazama msikilizaji.

Uongo hauwezi kufanya kazi pasipo ukweli wa kuuegemea. Ili hadithi ya Tippu Tip ikubaliwe, ilibidi pawepo watu ambao kwao dada aliyetekwa hakusahauliwa, ingawa miaka mingi ilikuwa imepita. Ilibidi pawepo desturi ambayo kwayo mtoto wa mwanamke aliyepotea, hata akizaliwa ugenini, hata akiwa na dini na mavazi mengine, bado ana mahali pa kukaa nyumbani. Kwa maneno mengine, hila yenyewe ni ushahidi juu ya utu wa waliohadaiwa. Msimulizi alitaka kutuonyesha akili yake. Bila kukusudia ametuhifadhia picha ya mzee anayesikia kwamba dada yake ameacha uzao.

Hapa pana pingamizi ambalo lazima tulijibu. Mtu anaweza kusema kwamba Kasongo Rushie hakudanganyika hata kidogo. Aliona bunduki, akaona faida ya kuwa na mlinzi, akaikubali nasaba kama namna ya heshima ya kufunga mapatano. Pingamizi hili lina nguvu, hasa kwa kuwa maelezo tuliyo nayo ni ya upande mmoja. Lakini haliivunji hoja yetu. Hata kama mzee alikuwa na hesabu zake, hesabu hizo alizifunga kwa lugha ya undugu, mbele ya watu wake, na watu wakaifahamu. Mwenye nguvu hakuweza kuingia kwa nguvu peke yake. Ilimbidi aombe jina la ndani. Jina hilo lilikuwa mali ya wenyeji, nao ndio waliokuwa na uwezo wa kulitoa.

5. Yasiyosimuliwa: soko la Nyangwe

Baada ya kusikiliza kinachosemwa, mhakiki hana budi kusikiliza kinachonyamaziwa. Kukutana kunakosimuliwa na Tippu Tip ni kwa wakubwa: watawala, matajiri, wazungu. Wapagazi waliolala kando ya moto mmoja, wanawake waliouza chakula kwa msafara, watoto waliokimbilia njiani kuona wageni, hao hawasemi kitu.

Ili kupata sauti yao ya mbali tunalazimika kutoka katika kitabu hiki na kwenda kwenye shajara ya David Livingstone, aliyekaa Nyangwe miezi kadhaa ya mwaka 1871. Livingstone alipenda kwenda sokoni. Aliandika juu ya wanawake waliokuja kwa wingi na samaki, vyungu na vyakula, wakibishana bei na kucheka. Soko hilo lilikuwa la watu wa ng'ambo zote mbili za Lualaba, na bila shaka wengi walijuana kwa uso tu. Tarehe 15 Julai 1871 watu wenye bunduki wa misafara ya wafanyabiashara waliwapiga risasi wanawake hao sokoni na mtoni. Makadirio aliyopewa Livingstone yalikuwa kati ya watu 330 na 400 waliokufa.

Tumeleta habari hii kwa sababu inakamilisha maana ya kipindi cha Utetera. Pale Nyangwe, mgeni aliyeketi sokoni kama jirani ndiye aliyefyatua risasi. Kule Utetera, mgeni aliyejiita mjukuu ndiye aliyechukua pembe. Katika mahali pote pawili, kilichotumiwa vibaya ni kile kile: utayari wa watu wa mto kumpokea anayekuja.

6. Neno lililobaki

Inafaa sasa kurudi Kindu, mto ule ule ukishuka kutoka Nyangwe. Kindu ni mji uliokua mwanzoni mwa karne ya 20, mahali ambapo reli ya kutoka Kongolo ilikutana na vyombo vya mtoni. Yaani, ni mji wa wasafiri. Mto umeugawa: Kasuku na Mikelenge upande mmoja, Alunguli ng'ambo. Anayevuka kwa mtumbwi kwenda kuuza mihogo au mafuta ya mawese hukaa goti kwa goti na asiowajua, na neno la kwanza kwa kawaida ni la ukoo: mama, baba, ndugu, yaya. Neno hili la mwisho linastahili kuangaliwa. Pwani, yaya ni mtumishi anayelea mtoto. Katika Kiswahili cha Kongo, yaya ni ndugu mkubwa, mwanamume au mwanamke. Mgeni wa pwani akiitwa hivyo kwa mara ya kwanza anaweza kushangaa, asijue kwamba ameheshimiwa.

Kiswahili hicho, ambacho kimeitwa pia Kingwana, kilienea huku pamoja na misafara ile ile. Ndiyo kusema, neno ndugu la kusalimiana na bunduki ya kutekea vilipita njia moja. Lakini watu wa Maniema hawakulipokea neno kama walivyolikuta. Walilitia ndani ya desturi yao ya kupokea, ile iliyokuwapo kabla ya mgeni kuja nalo, na leo hulitumia bila kumfikiria aliyelileta.

Hatusemi kwamba hatari imekwisha. Mwezi wa Oktoba 1998 Kindu iliangukia mikononi mwa waasi wa RCD, na ikaishi miaka ya vita. Katika nyakati za namna hiyo hata mwenye silaha huweza kumwita mzee baba huku akimnyang'anya. Neno la undugu halina kinga ndani yake. Kinachoweza kulilinda ni mwenendo wa wanaolitumia kila siku: anayeshika mzigo wa mwenzake asiyemjua ili apande mtumbwi, anayesogea ili mwingine akae, na asiyedai kitu baadaye.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba vipindi vidogo vya kukutana katika Maisha ya Tippu Tip si mapambo ya masimulizi. Katika mzaha wa bunduki tumeona usawa wa muda mfupi. Katika kipindi cha Utetera tumeona undugu ukifanywa chombo, na papo hapo tumeona thamani ya kile kilichofanywa chombo. Katika ukimya juu ya watu wadogo tumeona mpaka wa msimulizi.

Kwa mwalimu anayekifundisha kitabu hiki, hasa katika Kongo, tungependekeza swali moja liongezwe katika yale ya kawaida. Baada ya kuwauliza wanafunzi Tippu Tip alipataje Utetera, wawaulize pia Watetera walikuwa watu gani hata maneno yale yakaweza kuwaingia. Swali la kwanza hujibiwa kwa habari za werevu wa mtu mmoja. La pili huwarudishia wanafunzi wahenga wao, wakiwa wamesimama mlangoni, wakimsikiliza mgeni.